Tundu kwenye Toga ya Maître

Nilipokuwa mwaka wa pili wa sheria, mwalimu msaidizi aliyetufundisha mazoezi ya sheria ya kazi aliingia siku moja katika auditoire, ukumbi wetu wa masomo, akaweka mkoba mezani, na hata kabla hajatusalimu akauliza ni nani kati yetu anafanya kazi. Alifafanua kwamba hakuwa anauliza kazi za nyumbani. Alitaka kujua kazi ya kulipwa, yenye saa ya kuingia na saa ya kutoka. Tulikuwa tumejaa mpaka wengine walikaa kwenye ngazi, na hakuna aliyeinua mkono. Mimi niliangalia daftari langu. Msichana aliyekaa kando yangu alikuwa anauza uniti za simu kila jioni karibu na kituo cha mabasi, na nusu ya darasa walikuwa wateja wake. Naye aliangalia daftari lake. Mwalimu alingoja kidogo, akasema basi tuendelee, tukaanza somo juu ya mkataba.

Wakati huo nilikuwa na miezi minne katika pressing moja, duka la kufua na kupiga pasi, mtaa wa Bel-Air. Nilifanya kazi alasiri tatu za juma na Jumamosi asubuhi. Niliipata kwa kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni: walitafuta msichana mwenye subira na mikono safi. Mwenye pressing alikuwa mama wa makamo kutoka Kivu ya Kaskazini, ambaye mume wake alikuwa na malori ya kusafirisha bidhaa. Mama huyo alisali kwa sauti ndogo kila alipofungua mlango, na baada ya amina hakupenda maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa shati moja jeupe na pasi, akasimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. Kisha aliniambia nirudi kesho.

Niliipenda ile kazi. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi wakisikia mwanafunzi anafanya kazi, wanafikiria mateso tu. Kulikuwa na joto, ndiyo, na miguu iliuma. Lakini nilipenda kuona nguo iliyokuja imekunjamana kama karatasi ya kutupwa ikitoka imenyooka, na nilipenda kwamba huko hakuna aliyeniuliza kifungu cha sheria. Pesa yake ilinisaidia kununua syllabus, vijitabu vya kozi, na kupanda basi kutoka kwetu Katuba hadi campus, na baba hakuwa tena na sababu ya kukaa kimya kila nilipotaja jina la kozi mpya.

Tatizo lilikuwa baba mwenyewe. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi huko Katuba. Katika ujana wake alisoma chuo kikuu miaka miwili kabla mambo ya nyumbani kwao hayajamrudisha. Ile miaka miwili aliihifadhi kama wengine wanavyohifadhi picha za harusi. Alitusimulia bourse, pesa waliyopewa wanafunzi, iliyokuja kwa wakati, kitanda katika nyumba za wanafunzi, sahani zenye nyama, basi la campus lililowapeleka mjini. Mwanafunzi wa wakati wake alikuwa na kazi moja tu, kusoma, na mtu aliyemwona mwanafunzi anabeba kitu sokoni angefikiri amefukuzwa. Nilipopokelewa chuoni, aliwaambia majirani wote kwamba binti yake hatatumikia mtu mpaka atakapovaa toga ya wakili. Kwa hiyo zile alasiri tatu na Jumamosi asubuhi, kwa baba, nilikuwa bibliothèque, kwenye vitabu. Nilikuwa namdanganya mtu ambaye hakuwahi kunidanganya, na kila nilipofika nyumbani aliniuliza nimesoma nini leo. Nilimpa jina la kitabu fulani. Alifurahi, nami nilikula bila hamu.

Mambo yalitokea Alhamisi moja ya mwezi wa mvua. Mama mwenye pressing alikuwa ametoka kwenda kuangalia bidhaa za mume wake, na niliachwa peke yangu na rundo la nguo za Ijumaa. Juu ya rundo kulikuwa na toga nyeusi ya wakili. Tulikuwa tunapokea toga mara kwa mara, kwa kuwa mawakili wengi waliishi mtaa ule, lakini nilipoangalia tiketi niliisoma mara mbili. Jina lilikuwa la mwalimu wetu wa sheria ya kazi. Siku nyingine alifundisha, siku nyingine alikuwa wakili mjini. Shamba-boy wake ndiye aliyeileta, na angerudi kuichukua kesho asubuhi kabla ya saa za mahakama.

Nilianza nayo ili niimalize mapema. Nilikuwa nimefika kwenye mkono wa kushoto umeme ulipokatika. Kwa siku kama hizo tulikuwa na pasi mbili za makaa, na niliwasha moja, nikaipepea nje mpaka majivu yote yakaruka, kama nilivyofundishwa. Niliweka kitambaa chenye maji juu ya sufu na kuendelea. Sijui kama niliinamisha pasi au kama kaa lenyewe lilipasuka. Niliona cheche moja ndogo ikiruka kupitia tundu la pembeni, ikatua mahali ambapo kitambaa changu hakikufika. Niliifuta kwa kidole. Harufu ilikuja kama ya nywele zilizoungua, na nilipoinua kidole kulikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya maharagwe, lenye ukingo wa kahawia.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilifikiria mtihani wa mdomo, ambao ulikuwa baada ya majuma mawili, na yeye ndiye angekaa mbele yangu. Nilifikiria mama wa pressing, na nilifikiria kwamba baba angeijua habari hii kutoka kwa mtu mwingine. Kisha nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijivunii. Niliikunja toga, nikaiweka katika mfuko, nikafunga mlango na kuondoka. Sikutaka kumwambia mtu. Nilitaka tundu lisiwepo.

Nilijua kwamba mtaa wa Kamalondo kuna mafundi wa nguo wa kila aina, basi nilishuka huko na kuanza kuuliza mlango kwa mlango nani anaweza kufuma tundu lisionekane. Wa kwanza alitaka kuweka kiraka. Wa pili aliniambia sufu ya namna ile yeye haigusi. Mwanamke aliyekuwa akishona mapazia alinionyesha njia ndogo nyuma ya bar, akasema nimtafute mzee mwenye mashine nyeusi, kwamba yeye alishona kabla sisi sote hatujazaliwa.

Nilimkuta amekaa mlangoni ili apate mwanga. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nilimsalimu, nikamwambia nina tundu. Aliipokea toga bila kuniuliza chochote, akaipeleka karibu na macho yake. Hakuanzia kwenye tundu. Aligeuza shingo ya toga, akapapasa mshono wa ndani kwa kidole gumba, akarudi kwenye kwapa, akapapasa na huko.

"Hii toga ilitoka hapa," alisema mwishowe. "Ni miye njo niliishona."

Nilimwambia labda amekosea, kwamba ni ya wakili wa mjini. Alitaja jina la mwalimu wangu. Aliniuliza kama ninasoma, nikasema ndiyo, ninasoma sheria, na kwamba mwenye toga ni mwalimu wangu, na kwamba mimi ndiye niliyeiunguza. Yote yalitoka mara moja, kwa mtu nisiyemjua, mlangoni pake.

Mzee alinivutia kigoda. Wakati anatafuta sindano yake nyembamba, alinisimulia. Miaka mingi nyuma, wakati bourse zilikuwa zimekwisha na wanafunzi walianza kuonekana mjini wakitafuta chochote, kijana mmoja alikuja kumwomba kazi. Hakujua kushona. Mzee alimpa vifungo. Kila baada ya masomo kijana alikaa pale nilipokaa mimi, na daftari lake limefunguliwa juu ya paja, anashona kifungo, anasoma mstari, anashona kifungo. Hakuwa peke yake. Kulikuwa na mwingine wa uhandisi aliyerekebisha redio nyumba ya tatu, na wawili wa historia waliofundisha watoto wa wafanyabiashara nyumbani kwao. Wote waliomba wasitajwe kwa watu wa campus. Kijana wa vifungo alikaa pale miaka mitatu, na siku aliyomaliza mzee alimshonea toga ya kuapia.

"Baba yake hakujua hata kidogo," alisema mzee. "Alizani mutoto iko ku bibliothèque."

Niliangalia vidole vyake. Alichomoa nyuzi chache kutoka kwenye pindo la ndani, sufu ileile, rangi ileile, akaanza kuzipitisha juu na chini ya tundu, moja moja, kama mtu anayesuka mkeka wa sisimizi. Sijaona mikono ya namna hiyo tena. Iliuma shingo kumwangalia, lakini sikuweza kuacha. Alipomaliza aliweka kitambaa chenye unyevu, akapiga pasi yake mwenyewe mara tatu, akanipa. Nilitafuta tundu. Nilijua lilikuwa wapi na bado nilichelewa kuliona.

Nilianza kufungua mkoba, akanizuia kwa mkono. Hakutaka malipo.

"Lakini utamwambia weye mwenyewe," alisema. "Hapana kumuficha. Asikuye kuzani ni hapa kwangu njo munafundishwa kuficha."

Nilirudi Bel-Air kwa miguu sehemu ya njia, kwa sababu nilitaka muda wa kufikiri, na kabla sijavuka barabara ya mwisho nilikuwa nimekwisha kuamua. Mama wa pressing alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na funguo mkononi, akiangalia nafasi ambapo toga ilikuwa. Nilimweleza tangu umeme ulipokatika. Sikuacha hata ile sehemu ya kufunga mlango na kuondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaipokea toga, akaipeleka dirishani, akaichunguza kwa muda.

"Kama ningesikia hii kwa kinywa ya client, ungetoka hapa leo," aliniambia. "Sasa nimeisikia kwa kinywa yako." Kisha alisema nisimsubiri shamba-boy. Kesho asubuhi nitaipeleka toga mimi, ofisini kwa maître, kama tunavyowaita mawakili, na nitasema nilichosema hapa.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilifika mjini kabla ofisi haijafunguliwa. Mwalimu alikuja na magazeti chini ya kwapa. Alinitambua kwa sura, si kwa jina. Alifikiri nimekuja kwa mambo ya mazoezi. Nilimwomba radhi kwa kuja ofisini kwake, nikamwambia kwamba mimi ndiye ninayepiga pasi katika pressing anakopeleka nguo zake, na kwamba jana niliunguza toga yake. Niliitandaza mezani. Alivaa miwani akaanza kutafuta, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akaigeuza kwenye mwanga.

"Sioni kitu," alisema. "Nionyeshe."

Niliweka kidole gumba mahali penyewe. Aliinama karibu sana. Nilimwona akigusa ule msuko mdogo wa nyuzi, halafu akauacha, halafu akaugusa tena.

"Nani alitengeneza hii?"

Nilimwambia: mzee wa Kamalondo, nyuma ya bar, mwenye mashine nyeusi. Maître alikaa. Aliniuliza kama mzee anaona vizuri bado, kama anatembea, kama mke wake yuko. Nilimjibu niliyojua, ambayo hayakuwa mengi. Alisema ni miaka kadhaa hajafika kule, na kwamba kila mara alijiambia ataenda baada ya kesi hii, kisha baada ya ile. Hakuitaja tena toga. Nilisimama pale nikisubiri hasira, na hasira haikuja, na taratibu nilianza kuhisi mabega yangu yakishuka.

Alinionyesha kiti. Aliniambia mambo ambayo mzee alikuwa amekwisha kuniambia, ila kwa upande wake mwenyewe: jinsi alivyoficha vidole vyake vilivyochomwa na sindano, jinsi alivyoogopa siku profesa mmoja alipopita mbele ya duka, jinsi baba yake alivyokufa akiamini kwamba mwanawe alimaliza masomo kwa kukaa bibliothèque. Hilo la mwisho alilisema haraka.

"Niliwauliza mule auditoire nani anatumika," alisema. "Hakuna aliyeinua mkono. Lakini na miye sikuinua wangu. Mpaka leo hakuna mtu ku faculté anajua."

Nilimwambia kwamba hata baba yangu hajui. Nilimwuliza kitu kilichokuwa kikinisumbua, kama mtihani wangu utaathirika. Alishangaa kweli. Alisema mtihani ni mtihani, nisome sura ya mkataba vizuri, kwa sababu ndiyo wanafunzi wanayoidharau. Nilipokuwa nimefika mlangoni aliongeza kwamba nisimwache baba yangu aijue habari hii kwa watu. Kisha akavaa toga yake akaenda mahakamani.

Nilimwambia baba Jumamosi jioni. Alikuwa akisahihisha daftari za watoto kwenye meza ya kulia, na mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, karibu na mlango. Nilikaa mbele yake, nikasema kwamba tangu mwanzo wa mwaka sikuwa bibliothèque zile alasiri, na nikamwambia nilikuwa wapi. Baba aliweka kalamu. Nilitegemea asimame. Hakusimama. Aliuliza kama ni kwa ajili ya syllabus, nikasema ndiyo, na usafiri. Aliuliza kama nimefeli kozi yoyote, nikasema hapana. Kilichofuata ndicho kilichonichoma, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa hasira tu.

"Siye tulikuwa na bourse," alisema. "Mwanafunzi hakutumika, alisoma. Nilizani kama mutoto yangu anatumika, ni kusema miye baba njo nimeshindwa."

"Hapana, papa," nilisema. "Haukushindwa. Niko nasoma, na niko natumika. Byote bibili."

Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye sombe yake. Alimwuliza baba kama kweli hakuona kitu. Tangu lini, alisema, pasi ya nyumba hii inaweza kutoa mkunjo wa namna ile kwenye mikono ya mashati anayokunyooshea binti yako? Yeye alijua tangu mwezi wa kwanza. Alikuwa anasubiri nani kati yetu ataongea kwanza, na alianza kufikiri atakufa anasubiri.

Baba aliangalia mkono wa shati alilolivaa. Alifuata mkunjo kwa kidole kutoka begani hadi kwenye kifungo, taratibu, kama anasoma mstari wa daftari. Alisema alikuwa ameona, ndiyo, na walimu wenzake walimsifu, lakini alifikiri ni sabuni mpya. Mama alicheka kwanza. Nami nikacheka, kisha nikalia kidogo, na baba akaniambia niache, chakula kitapoa, ingawa chakula kilikuwa hakijaiva. Usiku ule nililala kama mtu aliyetua mzigo, na asubuhi nilichelewa kuamka mpaka wakanisubiri kanisani.

Mtihani wa mdomo ulifika. Maître aliniuliza juu ya mkataba, kama alivyosema, na juu ya kitu kingine ambacho sikukijua vizuri, na alinipa alama nilizostahili, si zaidi. Nilibaki katika pressing mpaka nilipomaliza. Mama wa Kivu alinipunguzia saa katika miezi ya mitihani bila mimi kumwomba, na siku nilipoaga alisali kwa ajili yangu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, mbele ya wateja.

Sasa niko stagiaire, wakili mwanagenzi, katika ofisi ya mawakili. Wanafunzi wanaokuja kwetu kufanya mazoezi wanafanya kazi waziwazi: mmoja anapeleka vyakula kwa pikipiki, mwingine anachapa TFC, kazi za mwisho wa masomo, za wenzake, wa tatu ana kibanda cha kutuma pesa kwa simu na anapokea wateja huku anasoma. Hawaoni cha kuficha. Nikiwaambia kwamba sisi tulikuwa tunaangalia madaftari, wananiangalia kama nawasimulia habari za nchi nyingine, nami nafurahi kwamba ni hivyo.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ya mwezi uliofuata baada ya kumwambia baba. Nilikuwa nyuma ya meza ya pressing, foleni ndefu, na nilipoinua kichwa kwa mteja aliyefuata nilimwona baba. Alikuwa amepanda basi kutoka Katuba na koti lake la kijivu mkononi, lile la sherehe. Hakuniita binti yake mbele ya watu. Alisalimu, akaweka koti mezani, akasema anahitaji lipigwe pasi kwa ajili ya ndoa ya Jumamosi, na kama inawezekana alitaka lifanywe na yule msichana anayesoma sheria. Nilimwandikia tiketi. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akaikunja, akaiweka katika mfuko wa shati na kutoka nje kwenda kusubiri basi.